Maneno ya Valizi

Kesi zetu zilikuwa na namba, tena namba nzuri zilizoandikwa kwa wino wa zambarau juu ya kila ukurasa, lakini katika miaka yote niliyokuwa karani sikumsikia mtu hata mmoja akizitaja. Kesi ilichukua jina la kitu kilichokuwa ndani yake. Kulikuwa na maneno ya cherehani, maneno ya mbwa wa kinyozi, maneno ya mlango (jirani alimng'olea mwenzake mlango akaufanya meza), na kulikuwa na maneno ya valizi, yaani sanduku la safari. Jaji akitaka kutoa hukumu isiyobishiwa aliinua kidole kuelekea mabati ya paa akasema, "Mu maneno ya cherehani, Kuyulu balisha kusema," yaani wamekwisha kusema, na hapo watu walinyamaza. Kuyulu maana yake huko juu. Ndivyo tulivyoiita mahakama ya rufaa, ile ya mzungu msimamizi, upande wa mji wenye barabara za lami, ambako mtu wa cité, mtaa wetu wa Waafrika, akishindwa kwetu alikwenda kulalamika. Walichokisema wao kilitufunga sisi. Tuliamini hivyo wote, na mimi niliamini kuliko wote, kwa sababu msomaji wa maneno ya Kuyulu nilikuwa mimi.

Nikiri tabia yangu mapema. Mimi ni mtu wa kushuku. Asubuhi nikisalimiwa kwa furaha na mtu asiyenisalimia kila siku, nakaa nusu saa nikijiuliza anataka nini. Mke wangu alikuwa akisema kwamba siku ya kufa nitauliza sanda imetoka wapi. Kazi ya mahakama iliinenepesha tabia hiyo, kwani ukikaa miaka sita ukiwasikiliza watu wawili wakiapa kwa Mungu mmoja juu ya mbuzi mmoja, kila mmoja machozi yanamtiririka, unaishia kuwatazama hata mapadri kwa jicho la pembeni.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita ya wazungu, katika mji wa Élisabethville. Mahakama yetu ya cité ilikuwa nyumba ya matofali yenye madirisha makubwa mawili, na upepo ulipogeuka kutoka kwenye tanuru za shaba tuliyafunga yote mawili, tukaendelea na kesi kwenye joto, watu wakikohoa. Majaji walikuwa watatu, wazee waliochaguliwa kutoka makabila mbalimbali ya mji. Walijua desturi, walijua kumtega muongo kwa swali la kitoto, lakini Kifaransa hawakusoma, na daftari lilitakiwa kuandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya bwana mkaguzi. Kwa hiyo kila kitu kilichotoka kwenye karatasi kwenda masikioni mwa majaji kilipita kinywani mwangu. Nilijivuna sana kwa jambo hilo. Nilitembea mle ndani kama mwenye nyumba.

Hukumu za Kuyulu tulizipokea hivi. Tarishi aliiteremsha karatasi kwa baiskeli. Mimi niliwasomea majaji papo hapo, nikitafsiri, wao wakaipa jina, kisha nikaandika mstari mmoja pembeni mwa daftari letu ili tukumbuke. Karatasi yenyewe ilirudi na tarishi yuleyule, kwa sababu nakala zilikuwa chache na huko juu walizitunza kama vyombo vya misa. Sisi tulibaki na ule mstari wa pembeni na lile jina. Baada ya mwaka mmoja hata mstari hatukuufungua tena, jina lilitosha. Kesi nyingine hazikuanzia kwetu kabisa. Ya valizi ilianzia kwenye mahakama ndogo ya machifu upande wa Luano, ambayo rufaa zake zilikwenda Kuyulu kama zetu, na tuliteremshiwa hukumu hiyo ili tujue tu.

Basi siku moja akaja mjane.

Alikuwa mtu wa kwetu, kaskazini, Mkatoliki kama sisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimisha kuinama ili uisikie. Mumewe alifanya kazi ya mgodi, akaugua kifua, akafa. Kampuni ilitaka nyumba yake kwa mfanyakazi mwingine, kama ilivyokuwa kawaida, na mjane akahamia chumba kimoja cha kupanga hapa cité, akawa anapika munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na kuuza kwa vikombe mlangoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kama tisa, anayesoma kwa masista. Sasa shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshuka kwenye treni kumchukua yule binti ampeleke kijijini kwa ukoo wa baba. Mama alikataa. Hayo ndiyo yaliyowaleta kwetu: mtoto atabaki na mama yake au atapanda treni na baba yake mdogo.

Mwanamume huyo nilimchukia alipovuka kizingiti. Alivaa koti lililopigwa pasi likapigika, na alisema kwa adabu iliyozidi. Lakini kilichonichoma ni maneno yake ya kwanza.

"Baba juge, miye sikuya kugombana," alimwambia jaji mkuu. "Mutoto iko ya kaka yangu. Mu maneno ya valizi, Kuyulu balisha kusema: kama baba alikufwa, mutoto anaenda kwa bandugu ya baba."

Nikaweka kalamu chini. Mtu ametoka kaskazini juzi, bado ana vumbi la treni kwenye viatu, amejuaje maneno ya valizi? Nani amemfundisha? Nilimtazama jaji mkuu, mzee mnene aliyependa kufumba macho wakati wa kusikiliza, nikakumbuka kwamba asubuhi ile niliwaona wawili hao wakisalimiana nje na kushikana mikono kwa muda mrefu. Kichwani mwangu nikaanza kufunga kesi: mzee amepewa kuku, au mbuzi, na amemnong'oneza huyu la kusema. Nilipanga hata jinsi ya kumwambia bwana mkaguzi bila jina langu kutajwa. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alifundishwa na wanawake kwenye foleni ya bomba la maji. Maneno ya valizi yalijulikana cité nzima. Mbele ya maneno hayo hakuna mjane aliyeshinda, kila mtu alilijua hilo, hata watoto.

Jaji mkuu alifumbua macho, akainua kidole kama kawaida. "Iko vile. Kuyulu balisha kusema." Akanigeukia. "Karani, si njo vile?"

"Njo vile, baba juge," nikajibu. Sikufikiri hata kidogo. Ndivyo nilivyojibu mara zote.

Mjane alikuwa amesimama, mikono ameishika mbele kama mtu anayesubiri komunyo. Tulingoja alie, kwa sababu hapo ndipo wenzake walikuwa wakilia. Hakulia.

"Baba juge," akasema, "nauliza tu kintu kimoja. Ule mwanamuke ya valizi, alikuwa naenda wapi?"

Jaji wa kushoto akacheka. Jaji wa kulia naye akacheka kidogo. Kisha kicheko kikawafia midomoni, kwa sababu walikuwa watu wa akili na walijua swali la kweli linapoulizwa.

"Muntu habebake valizi bure," akaendelea mjane kwa ile sauti yake ndogo. "Miye leo nilikuya bila valizi. Sina safari. Yee alikuwa naenda wapi?"

Majaji wakatazamana. Majaji watatu waliosomewa karatasi ya valizi hawakuwapo tena. Wawili walikuwa wamekufa na wa tatu alirudi kwao kuzeeka. Hawa waliokuwapo walilipokea jina kutoka kwangu. Basi macho sita yakanigeukia mimi. Nilikuwa nimelitumia jina la sanduku miaka sita na sikuwahi kujiuliza limebebwa na nani kwenda wapi.

"Nitaangalia mu daftari, baba juge," nikasema.

"Angalia," akasema mzee. "Mukuye bote siku ya ine." Siku ya ine ni Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.

Watu walipotoka nilijifungia na madaftari. Sikuwa na wasiwasi, nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na mtu wake. Kabla yangu alikuwepo karani mwingine, mlevi, aliyefukuzwa kazi, ambaye aliniachia madaftari yenye madoa ya mchuzi. Niliapa ni yeye. Ameandika upuuzi pembeni, nikasema, na sisi tumeubeba miaka yote bila kujua. Nilikuwa nimekwisha kutunga sentensi nitakayowaambia majaji siku ya Alhamisi, sentensi nzuri, ya masikitiko, isiyomtukana mtu lakini inayomzika kabisa.

Nikafungua ukurasa. Mstari ulikuwa pale, pembeni, kwa Kifaransa, maneno machache ambayo kwetu ni: mjane wa valizi, mtoto apewe ukoo wa baba. Chini yake palikuwa na mstari ulionyooka sana, uliochorwa kwa rula. Yule mlevi hakuwahi kumiliki rula. Mimi ndiye niliyepiga mstari kwa rula chini ya kila kitu, hata chini ya jina langu kwenye barua za mapenzi. Mwandiko ulikuwa wangu, mkia wa herufi ulikuwa wangu, na tarehe ilikuwa ya mwezi wangu wa kwanza kazini.

Nikaikumbuka siku ile. Haikuwa na ajabu lolote, na hilo ndilo linaloniuma. Tarishi alikuwa mlangoni, mguu mmoja kwenye pedali, akisema ataadhibiwa akichelewa. Ilikuwa saa ya kula. Nilisoma karatasi kwa haraka, majaji wakasikia kuna mwanamke na valizi wakaipa jina hilo, nikatazama mwisho wa hukumu kuona nani alipewa mtoto, nikaandika, nikapiga mstari, nikamrudishia karatasi yake. Hakuna aliyenihonga wala kunisukuma. Njaa tu, na kiburi cha kijana anayejua Kifaransa.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilikaa pale nikafikiria kudanganya. Ingekuwa rahisi kama kunywa maji. Ningesema alikuwa anaenda sokoni. Ningesema valizi ilikuwa ya marehemu, nguo za marehemu zilikuwa ndani. Nani angebisha? Majaji hawasomi, mjane hasomi, shemeji ananiombea heri. Nilichagua hata rangi ya sanduku. Kilichoniokoa si wema, msinipake mafuta. Nilihofu kwamba swali likisha kuulizwa mara moja litaulizwa tena, na safari ijayo mbele ya mtu anayesoma. Tena bado nilikuwa na tumaini kwamba nilifupisha sawasawa. Basi Jumatano nikaomba ruhusa, nikavaa kofia, nikavuka reli kwenda Kuyulu.

Mtunza karatasi wa huko alikuwa mtu wa Kasai, mwenye miwani, aliyesoma seminari na ambaye, nilivyoona mimi, alisema Kifaransa hata na nzi. Siku zote nilimshuku kwamba anatudharau sisi watu wa cité. Nilijiandaa kusubiri hadi jioni. Badala yake aliniletea faili kabla sijavua kofia, jambo ambalo lilinikera zaidi.

"Ikala, usome yote," aliniambia, akiniwekea kiti. "Bandugu benu bote banasomaka mustari ya mwisho tu."

Ni kama alikuwa amesimama nyuma yangu siku ile.

Zilikuwa kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa majina na tarehe. Nilipofika wa pili nilianza kusoma polepole, kisha nikaacha kusoma nikatazama dirishani, kisha nikarudi tena juu. Mwanamke wa valizi hakuwa mdai wala mdaiwa. Waliogombana walikuwa ndugu wawili wa marehemu, mkubwa na mdogo, kila mmoja akitaka mtoto akae kwake. Mama mwenyewe alikuwa anapanda treni kwenda kusini, Rhodesia, kuolewa na mwanamume mwingine, na alipita mahakamani na sanduku lake mkononi ili aseme kwamba hamchukui mtoto, kwamba anaomba alelewe na upande wa baba. Aliyasema hayo na kwenda zake stesheni. Ukoo wa baba ulipewa mtoto kwa sababu mama ndiye aliyetaka hivyo, na aliyekabidhiwa ni bibi wa mtoto.

Kisha kulikuwa na mistari miwili mwanzoni mwa ukurasa wa tatu. Niliinakili neno kwa neno na bado naijua: "Swali la mama anayetaka kubaki na mtoto wake halikuletwa mbele yetu katika kesi hii, na hatulijibu."

Hatulijibu. Miaka sita nilikuwa nikiwaambia wanawake kwamba Kuyulu wamejibu.

Nilinakili kurasa zote tatu kwa mkono wangu, hata mihuri nikaichora. Mtunza karatasi aliulinganisha mwandiko wangu na wa asili, mstari kwa mstari, kidole kikitembea, na safari hii sikukasirika. Nikiwa njiani nilihesabu. Tangu nilipoandika ule mstari, wajane wangapi walisimama mbele yetu wakitaka watoto wao na kuambiwa maneno ya valizi? Nilipata wanne. Nilijaribu kuhesabu upya nikitumaini watapungua. Nilipofika kwenye reli nilikuwa bado na wanne.

Alhamisi nyumba ilijaa. Swali la mjane lilikuwa limezunguka bomba zote za maji, na watu walikuja kusikia valizi ilikuwa inaenda wapi. Nilisimama nikasoma kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye "hatulijibu" nilirudia.

Shemeji alisimama haraka. Koti lilikuwa lilelile lakini adabu ilikuwa imepungua.

"Karani, siku ya kwanza ulisema ingine! Leo unasema ingine! Baba juge, uyu na ule mwanamuke banatoka kwabo kumoja. Balisha kupatana!"

Chumba kikanong'ona. Nilikasirika, kisha nikatambua kwamba ni mimi niliyekuwa namshuku yeye hivyohivyo siku ya Jumatatu, kwa ushahidi mdogo kuliko wake. Mtu huyo alikuwa na haki ya kuuliza. Karatasi ileile, karani yuleyule, majibu mawili.

Jaji mkuu hakufumba macho siku hiyo. "Karani," akaniambia, "nani alifupisha iyi maneno?"

"Ni karani, baba juge."

"Karani gani?"

Sentensi yangu nzuri ya kumzika mlevi ilikuwa tayari mdomoni, nakiri, na ilinichukua muda kuimeza. "Ni miye," nikasema.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliuliza tu, "Tuliitumikisha mara ngapi?"

"Mara ine, baba juge. Bila ya leo."

"Bale bamama bane..." akaanza, na hakumaliza. Jaji wa kushoto alikuwa akitikisa kichwa. Kisha mzee akasema jambo ambalo lilinifundisha sheria kuliko daftari zangu zote: "Basi Kuyulu habakusema kintu. Tulikuwa tunajificha nyuma ya bantu benye hawako. Leo tutasema sisi benyewe."

Wakaanza kuuliza wao wenyewe, polepole, kama wazee wanavyojua. Wakamuuliza shemeji mtoto atasoma wapi huko kaskazini. Akasema shule ipo, ni mwendo wa siku mbili. Wakamuuliza nani atampikia. Akasema mama yake, yaani bibi wa mtoto. Wakamuuliza kama ni yeye anayemtaka mtoto au ni bibi. Hapo mtu wa koti akainamisha kichwa, akasema mama yake amefiwa na mtoto na hana kitu chake cha kushika, na kwamba alimwambia asirudi mikono mitupu. Akalia kwa sauti mbele ya watu. Nilitazama daftari. Siku zote nilijua jinsi ya kumtazama muongo akilia, lakini mtu anayelia kweli sikumjulia.

Hukumu ilikuwa fupi. Mtoto abaki na mama yake aendelee kusoma kwa masista, na wakati wa likizo ndefu apelekwe kumwona bibi yake, shemeji amfuate stesheni. Shemeji alikubali, akamshika mjane mkono, wakaongea kwa lugha ya nyumbani maneno ambayo sikuyaandika. Jaji mkuu akaongeza kwamba kuanzia siku ile hukumu ya Kuyulu haitatajwa tena kwa jina la kitu. Itasomwa yote au haitasomwa. Na aliyetaka kufupisha, afupishe barua zake za nyumbani. Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa shida.

Kuhusu wale wanne alinijibu jioni, nilipomuuliza kwa faragha. Muda wa rufaa ulikuwa umewapita zamani. Mahakama yetu haiwezi kufungua hukumu zake yenyewe. Alisema hivyo akivaa viatu, bila kunitazama.

Kesho yake mjane akaja mezani kwangu na binti yake. Nilidhani amekuja kushukuru, na nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa mtu anayekataa shukrani. Alitaka nakala ya hukumu. Nikampa ile ya Kifaransa yenye muhuri. Akaitazama, akanirudishia.

"Andika na ya Kiswahili."

Nikaandika. Nikamsomea. Akasikiliza kichwa kimeinama, akasema nisome tena, nikasoma tena. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwangu akampa binti yake.

"Soma weye."

Nikampisha mtoto kwenye kiti changu kwa sababu meza ilikuwa juu. Alisoma kama wanavyosoma watoto wa masista, kidole chini ya kila neno, akikwama kwenye maneno marefu na kuyavunja vipande. Mama yake hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi muda wote, machoni, ili aone kama nitashtuka mahali popote. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama watu hivyo. Niliona aibu, na sikuwa na haki ya kukasirika.

"Alisoma sawa?" mama akauliza.

"Alisoma sawa, mama."

"Rudi ku mwanzo."

Mtoto akarudi mwanzo. Alipofika mara ya pili kwenye maneno kwamba mtoto atakaa na mama yake, mama alivuta pumzi, akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga ndani ya pindo la kitenge chake na kukaza fundo kwa meno. Kisha akanisemesha kwa sauti yake ile ndogo, nikalazimika kuinama.

"Sasa uende kwa bale bamama bane, baba. Ubasomee na beye."

Nikamwambia nitaenda. Aliondoka amemshika binti mkono.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Wa kwanza alikuwa akikaa karibu na mto Naviundu, akilima bustani ya mboga. Mwanawe wa kiume tulimpa ukoo wa baba akiwa bado hajang'oka meno ya utoto. Alinipa kigoda, nikakaa, nikamsomea kurasa zote tatu bila kuruka neno. Alisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi. Akaniuliza kama karatasi hii inaweza kumrudisha mtoto wake. Nikamwambia muda umepita.

"Basi ulikuya kufanya nini?" akaniuliza.

Kwa wale watatu sikwenda.